Kayaki ya safari Ziwa Victoria: ukiona dalili hii, tafuta sababu hapa

Kayaki ya bahari ikifika Kisumu, lawama huanza mapema. Mmoja analalamika kuwa inageuka yenyewe. Mwingine miguu imekufa ganzi kabla hata hajafika Hippo Point, hapo hapo kando ya mji. Wa tatu anataka kuiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu "inataka kunimwaga." Nimeketi katika kayaki nyingi zilizosingiziwa hivyo, na msimamo wangu ni huu: chombo chenyewe ndicho cha mwisho kushukiwa. Anza na namna mwili ulivyokaa, fuata mzigo ulivyopangwa, kisha upepo, halafu ndipo uanze kukagua plastiki au faiba. Ukianza na chombo utanunua kingine, na shida yako itahamia nacho.

Ninazungumzia ile kayaki ndefu na nyembamba: mita 4.5 hadi 5.5, upana sentimita 52 hadi 62, stoo mbele na nyuma zilizotengwa kwa kuta za ndani, na chumba cha kukalia katikati. Zile fupi na pana za kukalia juu, za kuchezea hotelini, zina mambo yake mengine.

Wakati wa kuijaribu una uzito. Saa mbili asubuhi maji ya Dunga, bichi ya wavuvi karibu na Kisumu, huwa yametulia, na kaupepo kadogo kanatoka nchi kavu kuelekea ziwani. Saa hiyo kila kayaki ni nzuri. Jua likipanda upepo hugeuka ukaanza kutoka ziwani, magharibi au kusini-magharibi, na alasiri mawimbi huwa yameamka kweli. Ghuba ya Winam, yaani mkono wa ziwa ulio mbele ya Kisumu, haina kina kirefu, kwa hiyo mawimbi yake ni mafupi, ya mgongo mkali, na yanafuatana karibu karibu. Hayo ndiyo yanayosema ukweli kuhusu kayaki. Ijaribu upepo unapoanza kugeuka, ukiwa karibu na ufuo, umevaa jaketi la kuokoa maisha, na mwenzako akiwa majini pamoja nawe. Upepo wa ziwani angalau unakusukuma nyumbani. Ule wa asubuhi unakupeleka mbali, na watu hawautilii maanani kwa sababu ni mpole. Mzee wa Dunga akikuambia, "Kijana, rudi, mvua hiyo inakuja," usibishane naye. Radi za jioni hapa hazina mchezo.

Omo inageukia upepo

Hili ndilo lalamiko kuu, kwa hiyo tulichambue taratibu. Unataka kwenda kaskazini, upepo unatoka magharibi, na kila ukipiga kafi mara chache omo (pua ya kayaki) imeshaelekea magharibi. Mkono wa kushoto unachoka, unaanza kupiga upande mmoja tu.

Kwanza simama kabisa. Acha kayaki itulie. Ikilala ubavu kwa upepo bila kuelekea popote, kisha ukianza kwenda omo ndipo ipande kuufuata upepo, hujapata hitilafu. Kayaki ikiwa mwendoni, omo inakata maji mazima yaliyoibana pande zote mbili, ilhali tezi (sehemu ya nyuma) inapita kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa. Upepo wa ubavuni ukipiga, mbele imeshikwa na nyuma iko huru, kwa hiyo nyuma inasukumwa kama mlango kwenye bawaba. Watengenezaji wengi huiacha tabia hii kidogo kwa makusudi, kwani kayaki inayougeukia upepo ni salama kuliko ile inayoukimbia.

Shida ni ikizidi. Sababu ya kwanza ya kutafuta ni mzigo. Watu hujaza stoo ya mbele kwa sababu ni rahisi kuifikia, na omo ikizama zaidi inashikwa na maji zaidi. Chukua mitungi miwili ya lita 5 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 5 kila mmoja, na uifanye vipimo vyako. Hamisha mmoja kutoka mbele kwenda nyuma, zunguka tena, linganisha. Mara nyingi kilo 5 pekee zinatosha kuleta tofauti unayoihisi mabegani. Angalia pia ulichofunga juu ya tezi. Mkeka uliokunjwa au mfuko mkubwa uliosimama pale nyuma unashika upepo, na hapo umejitengenezea mwenyewe kile unachokilalamikia.

Sababu ya pili ni skegi, lile pezi dogo linaloshushwa chini ya tezi kwa kamba au waya. Hiyo si breki wala si usukani. Kazi yake ni kuipa tezi mshiko. Ukiishusha nusu, kayaki nyingi hunyooka. Ukiishusha yote, omo inaanza kuukimbia upepo. Kwa hiyo ikiwa kayaki yako inafanya kinyume, yaani inageuka kwenda unakoelekea upepo, usilaumu umbo lake: pandisha skegi kidogo, na urudishe mzigo mbele. Tabia hii ya kuukimbia upepo nataka uirekebishe kabla ya kutoka tena, maana kayaki isiyotaka kurudi upande wa upepo inaweza kukupeleka mbali na unakotaka.

Kama skegi haishuki, ipindue kayaki utazame ndani ya kipango chake. Ukiiburuta kayaki kwa nyuma kwenye changarawe, vijiwe vinaingia humo na kukwama. Huku kwetu kuna na mizizi ya gugumaji, inayojisokota kwenye pezi hadi likagoma. Toboa tundu dogo kwenye ncha ya skegi, ufunge kikamba kifupi. Mwenzako anaweza kuivuta mkiwa majini bila wewe kushuka. Na pandisha skegi unapovuka nyavu. Ukiona mstari wa chupa za plastiki zinaelea, huo ni wavu wa mtu, na mtu huyo anautegemea kwa chakula cha watoto wake.

Kama mzigo uko sawa na skegi inafanya kazi, jaribu kulaza kayaki kidogo kwa nyonga upande ule upepo unakotoka. Kayaki ndefu ikilazwa upande mmoja huelekea kugeukia upande wa pili. Kwa hiyo ukilaza kushoto huku upepo ukitoka kushoto, unaipunguzia hamu ya kwenda kushoto. Baada ya hapo ndipo uangalie kiti. Katika kayaki kadhaa za plastiki kiti kinaweza kusogezwa nyuma sentimita mbili tatu, na hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyoonekana.

Inavuta upande mmoja hata pasipo upepo

Hapa rudi asubuhi, maji yakiwa yametulia. Piga kafi hadi upate mwendo, inua kafi, kaa katikati bila kujitikisa, uiache iteleze. Rudia. Kisha mpe mwenzako afanye vilevile. Ikivuta kushoto kwako na kwenda sawa kwake, chombo kizima, angalia vikanyagio, yaani vile vya kukazia miguu ndani ya chumba cha kukalia. Hesabu matundu ya reli kulia na kushoto, maana ni kawaida kukuta kimoja kimetangulia mbele hatua moja, na hapo nyonga zimepinda bila wewe kujua. Angalia pia pembe kati ya mabapa ya kafi. Kafi nyingi huunganishwa katikati na hukubali kubadilishwa pembe; iweke sifuri, mabapa yakiwa sambamba, ujaribu tena.

Ikivuta kushoto kwenu wote wawili, ipindue juu ya viti viwili, uchungulie kutoka tezi ukifuata mstari wa chini hadi omo. Skegi iliyopinda inaonekana mara moja. Plastiki iliyopinda pia inaonekana, na jua la Kisumu ndilo mkosaji wa kawaida: kayaki imefungwa kwa mikanda iliyokazwa mno juu ya gari, ikaachwa saa sita mchana, na sehemu iliyobonyea ikapoa ikiwa imebonyea. Legeza mikanda unapoegesha. Bonyeo dogo hutoka lenyewe ukiiweka juani bila kitu kinachoikandamiza. Lililokataa unalimwagia maji ya moto na kulisukuma taratibu kutoka ndani. Hifadhi kivulini, uzito ukibebwa pale zilipo kuta za ndani.

Mawimbi yakitoka nyuma, tezi inakimbilia kando

Hii utaikuta ukirudi Kisumu alasiri kutoka upande wa Kisiwa cha Ndere. Upepo uko mgongoni, kila wimbi linainua tezi, omo inachimba kwenye bonde la wimbi lililotangulia, na kayaki inageuka ubavu ghafla. Ndipo wengi hupinduka.

Shusha skegi zaidi kuliko ulivyoizoea, weka mzigo uegemee nyuma kidogo, na usigombane na kila wimbi. Likikuinua, vuta bapa lako nyuma kabisa karibu na tezi, lishikilie majini lisimame wima, lifanye kazi ya usukani kwa sekunde moja au mbili, kisha endelea kupiga. Kayaki yenye usukani wa miguu ina nafuu hapa. Lakini zichunguze pedali zake: zikiwa za kuteleza zima mbele na nyuma, huna tena mahali pa kujikaza kwa miguu, na wakati wa mawimbi hicho ndicho unachohitaji. Zile ambazo kikanyagio kimesimama imara na ncha ya juu pekee ndiyo inayogeuka ni bora kabisa.

Inayumba, unahisi itakumwaga

Swali la kwanza: iko tupu? Kayaki ya safari imechorwa kubeba mtu na mzigo wake. Dada wa kilo 50 akikaa peke yake katika kayaki iliyokusudiwa mtu wa kilo 90 na hema lake, inaelea juu mno na kuchezacheza. Weka mitungi mitatu ya lita 5 karibu na kuta za ndani, chini kabisa, ifungwe isitembee. Itatulia. Maji ya ziwa ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, karibu asilimia 2.5, kwa hiyo hapa inazama zaidi kwa kiasi kidogo sana, lakini hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya mzigo.

Swali la pili: umeongeza mto? Kila sentimita unayopanda juu inahesabika. Wengi huongeza sponji kwa ajili ya starehe, kisha wanashangaa kayaki imekuwa kali. Na swali la tatu ni maji ndani ya chumba cha kukalia. Lita chache tu zinazohama kushoto na kulia zinaiondolea kayaki utulivu kabisa. Zikaushe kwa sponji na uvae sketi ya kuzuia maji, ile inayovaliwa kiunoni na kufunika tundu la kukalia.

Baada ya hayo, tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna utulivu wa kukaa wima, na kuna utulivu wa kulala. Kayaki ya chini mviringo huchezacheza ukiwa wima, lakini ukiilaza inafika mahali inakuegemeza na kukataa kuendelea. Ile ya chini bapa hukaa imara kwenye maji tulivu, kisha wimbi la ubavuni linaisukuma pamoja nalo. Mwombe mwenzako ashike omo, ulaze kayaki kwa nyonga polepole hadi ukingo uguse maji, kichwa kikibaki juu ya kiti. Ukiisikia inakubeba, hiyo ni kayaki ya kusafiria, na kuyumba kwake kutaisha mwili ukizoea. Ukiona inaanguka moja kwa moja bila kukushika popote, hapo una sababu ya kuikataa.

Tazama mbali. Mtu anayekodolea macho maji yaliyo mbele ya omo hukakamaa kiuno, na kiuno kikikakamaa kayaki yoyote inayumba.

Ganzi miguuni

Hili naliwekea mkazo kwa sababu ya mahali tulipo. Kwingine mtu akifa ganzi anatua, ananyoosha miguu, anaendelea. Kwenye ghuba yetu sehemu kubwa ya ukingo ni mafunjo, ndani yake kuna viboko, na maji yaliyotuama kwenye majani ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Gugumaji nalo likisukumwa na upepo linaweza kufunga ufuo uliotokea asubuhi. Hata Ndere, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1986, si mahali pa kujitulia tu unavyotaka. Kwa hiyo miguu iliyokufa ganzi kilomita tano kutoka bichi ni suala la usalama. Hutaweza kujikaza, na ukipinduka hutaweza kutoka upesi.

Ganzi ikianza nyuma ya paja na kushuka, neva kubwa ya mguu inabanwa. Kipimo chake ni rahisi: kunja taulo, liweke chini ya mapaja mbele kidogo ya kiti, kaa nusu saa. Nafuu ikija, kiti hakikubebi mapaja; uzito wote uko kwenye mifupa ya makalio. Nafuu isipokuja, au hali ikizidi, geuza fikra: ukingo wa mbele wa kiti ndio unaokata, upunguze au uinamishe.

Halafu vikanyagio. Vikiwa mbali, miguu inanyooka kabisa na neva inavutika kutoka kiunoni. Vikiwa karibu mno, magoti yanabanwa juu na damu haipiti vizuri. Sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, ikae kwenye kikanyagio, goti likunjwe kidogo likielekea nje, paja liguse pedi yake ya juu bila kuisukuma. Ukitaka kujikaza, unainua kisigino kidogo na paja linashika. Ukitaka kupumzika, linaachia. Hicho ndicho kipimo cha kukaa vizuri.

Ganzi ya mguu mmoja tu ina maswali yake: pochi au simu mfuko wa nyuma? Pedi ya nyonga nene upande mmoja? Ganzi ya vidole pekee mara nyingi ni viatu vinene katika nafasi finyu. Na ikibaki saa kadhaa baada ya kutoka majini, au mguu ukakosa nguvu, huo si tena mjadala wa kayaki, nenda hospitali.

Kuhusu vifaa vya kurekebishia, usitumie sponji ya godoro. Inafyonza maji, inalala, na wiki ya pili haina kazi. Tafuta sokoni Kibuye mikeka ya mazoezi ya sponji ngumu isiyofyonza maji, au raba nene ya kutengenezea ndala. Mwombe fundi viatu gundi yake ile ya kupaka pande zote mbili, usubiri ishike, ndipo uunganishe. Usigundishe siku ya kwanza. Bana kwa tepu, kaa majini, kata, punguza, rudia, hadi uridhike.

Mgongo unauma

Egemeo si la kuegemea. Liko pale kukuzuia usiteleze nyuma, na linatakiwa likae chini, usawa wa mkanda wa suruali. Likipanda juu linakufanya ulale nyuma, na kila unapopiga kafi kiuno kinafanya kazi ya tumbo na mabega. Lishushe, ukae wima, uzungushe kiwiliwili. Maumivu yakiendelea, rudi kwenye vikanyagio.

Kifundo cha mkono na mabega

Kafi ndefu mno au pembe isiyokufaa. Kwa kayaki za upana huu, sentimita 210 hadi 230 zinawatosha wengi. Anayepiga kwa mtindo wa kafi kuwa wima anataka fupi, anayelaza kafi anataka ndefu. Na legeza vidole. Mtu akiogopa hukaba mpini, na kifundo huvimba jioni.

Imekuwa nzito, na stoo ina maji

Kabla ya kulaumu umbo, angalia gugumaji lililojikamata kwenye skegi au usukani. Kisha fungua stoo.

Stoo ikiwa na maji wakati hukupinduka, fikiria hewa. Kayaki nyingi huja kwetu kutoka pwani. Mombasa iko usawa wa bahari, Kisumu iko mita 1,100 na zaidi juu yake, na barabara katikati inapanda kupita mita 2,000. Stoo iliyofungwa kikamilifu Mombasa inabeba hewa ya Mombasa, na huko juu hewa hiyo inatanuka na kusukuma kila upande: vifuniko vinatuna, na gundi ya kuta za ndani inaweza kuachia. Safirisha vifuniko vikiwa vimelegezwa. Jambo lilo hilo hutokea kinyume bichini: kayaki imeoka juani imefungwa, unaitia majini, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na stoo inafyonza maji kupitia ufa wowote ulioko. Ndiyo maana kuta nyingi za ndani huwa na tundu dogo sana la kusawazisha hewa. Usilizibe ukidhani ni kasoro.

Kutafuta ufa, mimina maji ndani ya stoo kayaki ikiwa nchi kavu juu ya viti, kausha nje kote, usubiri, uone linapotokea tone. Igeuze ubavu kwa ubavu. Kagua mahali zinapopita kebo za usukani, mpira wa vifuniko, na kona za kuta. Ufa wa ukuta wa ndani huonekana kwa maji kuingia kwenye chumba cha kukalia.

Ukishamaliza yote

Zinabaki kayaki chache ambazo kweli hazikufai. Kama mapaja hayafiki kwenye pedi hata baada ya kuongeza sponji, ni pana mno kwako. Kama huwezi kutoka bila kuvuta goti kwa mkono, ni finyu, na hiyo usiivumilie hata siku moja. Ijaribu kwenye bwawa la kuogelea, ujipindue na utoke ukiwa na mtu kando, kabla hujaipeleka ziwani. Kama imepakiwa sawasawa, skegi iko sawa, umekaa vizuri, na bado inakushinda kwenye upepo wa ubavuni ambao wenzako wanapita bila shida, iuze kwa mtu mzito kuliko wewe na umweleze yote uliyoyapima, pamoja na mahali ulipoweka mitungi.